Msimhamishie Birika: Kumpokea Alpaka Asiyeona Vizuri

(Hotuba kwa wahudumu wa kujitolea wanaozungumza Kiswahili katika makao ya wanyama, Uingereza. Maneno ni yaleyale yaliyosemwa. Maswali na majibu yameingizwa ndani yake.)

Ndugu zangu, akina mama, akina baba, na nyinyi vijana mliofika na mabuti tayari miguuni: habari za asubuhi, na shikamooni kwa wanaostahili. Kaeni popote mnapopenda, ila si juu ya marobota yale ya majani makavu. Hicho ni chakula, na mwenye chakula chake hapendi kula palipokaliwa.

Wengi wenu mmekulia karibu na mbuzi na ng'ombe, na wachache na ngamia. Aliyemjua ngamia ana pa kuanzia, maana alpaka ni wa ukoo huo: mdomo wa juu umepasuka katikati, mguu ni wayo laini wenye kucha mbili badala ya kwato, tumbo lina vyumba vitatu na anacheua, na akiudhiwa anatema. Ila ni mdogo. Mzima hufika sentimita 90 hivi begani, na uzito wake ni kilo 50 hadi 85. Kwao ni Andes, nchi za Peru, Bolivia na jirani zake, kwenye nyanda za juu zinazopita mita 3,500 kutoka usawa wa bahari. Akitunzwa huishi miaka 15 hadi 20. Kwa hiyo anayepoteza macho akiwa na miaka minane au tisa hajafika mwisho. Bado ana nusu ya umri wake.

Tusizungumze hewani, tumchukue mmoja wa mfano. Dume aliyehasiwa, kilo 65, jicho la kulia halioni kitu, na la kushoto limeanza kuingia mtoto wa jicho. Anafika kwetu Jumamosi. Tufanye nini?

Kwanza tusiamini tulichoambiwa. Mwenye kupenda, chongo huita kengeza. Wahenga walikuwa wakiwasema wapenzi, lakini methali hiyo inawafaa wafugaji pia. Mtu anayemtoa mnyama wake atakuambia "anaona kidogo tu", kumbe mnyama hajaiona geti iliyo mbele yake tangu mwaka juzi, na amekuwa akimfuata mwenzake hatua kwa hatua. Mtenganishe na mwenzake huyo ndipo utaujua ukweli, na wakati huo umeshachelewa. Mpimeni wenyewe, siku chache baada ya kufika, akishatulia.

Kabla ya kupima, tazameni nywele. Alpaka wa aina ya huacaya, wale wenye manyoya yaliyojaa kama pamba, huota kishungi kinachoshuka hadi machoni. Wapo waliohesabiwa vipofu na kumbe wamefunikwa tu. Kateni kwa mkasi wenye ncha butu, kiganja cha mkono wa pili kikae kati ya mkasi na jicho, na msiguse kope. Kope ndizo zinazozuia vumbi na vishina vya majani.

Sasa vipimo. Funika jicho moja kwa kiganja, halafu peleka mkono mwingine kwa haraka kuelekea jicho lililobaki, vidole vimeachana, usimame kabla ya kumgusa. Vidole viachane kwa sababu kiganja kilichofumbwa husukuma upepo, na kipofu naye hupepesa akiusikia upepo. Anayeona atapepesa au atarudisha kichwa. Lakini mgeni mwenye hofu huganda, hapepesi hata kidogo, kwa hiyo kipimo hiki peke yake hakimhukumu mtu. Ongezeni cha pamba: dondosheni kipande cha pamba mbele ya jicho, kutoka juu. Hakina sauti wala harufu ya maana. Jicho linaloona litakifuata mpaka chini. Cha tatu ni njia ya vikwazo: ndoo mbili, robota moja, mbao moja chini, apite polepole, mara moja mchana wa jua na mara nyingine jioni giza likianza kuingia. Hiki cha tatu ndicho kinachotufundisha namna ya kuishi naye. Mwenye mtoto wa jicho katikati ya lenzi mara nyingi huona vizuri zaidi kwenye mwanga hafifu, maana mboni hupanuka akachungulia pembeni mwa ule ukungu; jua kali linampofusha. Mwenye ugonjwa wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni kinyume chake, huanza kupotea usiku. Wa kwanza anahitaji kivuli, wa pili anahitaji taa bandani. Ukiwachanganya hawa wawili, msaada wako utakuwa adhabu.

Mkimulika tochi mtaona ndani ya jicho vitu vyeusi kama ushungi wa pazia, vimening'inia kutoka ukingo wa juu na wa chini wa mboni. Kila mwaka kuna mhudumu mpya anayekuja mbio kusema jicho limeoza. Halijaoza. Alpaka wote wanavyo, ni kama kofia ya kuzuia jua la milimani. Cha kutazama ni kama mboni inasinyaa kwenye mwanga. Inaposinyaa vizuri, lenzi haina ukungu, na bado mnyama anagonga ukuta, tatizo huenda liko kwenye ubongo, si kwenye jicho.

Hapo nisimame kidogo, kwa sababu hapo ndipo wanyama hufa.

Upofu wa taratibu ni jambo la kupangiwa. Upofu wa ghafla ni dharura. Alpaka aliyekuwa akiona jana na leo anatazama mbinguni, anasukuma kichwa ukutani, anayumba, huenda ameishiwa vitamini B1. Vijidudu vya tumboni mwake ndivyo vinavyoitengeneza, na vinaharibika chakula kikibadilishwa ghafla au nafaka ikizidi. Dawa ya koksidia, vimelea vya utumbo, iitwayo amproliamu nayo huizuia B1 isifanye kazi, kwa hiyo aliyekuwa kwenye dawa hiyo atazamwe mara mbili. Daktari wa mifugo akifika mapema na sindano za B1, macho yanaweza kurudi. Akifika kesho kutwa, tunaweza kubaki na mwili usio na kichwa chake. Msisubiri "tumwone mpaka asubuhi". Ugonjwa wa listeria, bakteria wanaoshambulia ubongo, unaweza kufanana na huo, na kutofautisha ni kazi ya daktari.

Jambo la pili la hatari ni dawa ya matone. Jicho linatoa machozi, limekunjwa, mtu anakumbuka kuna kichupa kwenye kabati. Kama kichupa kina steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, na kwenye konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, kuna kidonda, kidonda kitachimbika na jicho linaweza kupasuka. Daktari huweka kwanza rangi ya flurosini, ambayo hung'aa kijani pale konea ilipochubuka, ndipo achague dawa. Hakuna rangi, hakuna matone. Kichupa cha zamani kikionekana kabatini, kitupwe.

Na vidonda hivyo vinatoka wapi? Mara nyingi ni kwenye chakula. Jicho lisiloona halifumbi kishina cha majani kinapolijia. Mnyama anaingiza kichwa kwenye hori, shina linachoma konea, anatoka analia jicho moja. Kwa hiyo hori lake liwe chini ya usawa wa kifua, lenye mdomo mpana, ale akiwa ameinamisha kichwa. Hori la ukutani linalomwaga majani juu ya uso halimfai. Wavu wa kuning'iniza usiwepo kabisa, hata kwa wenye macho mazima. Unakamata kichwa, unakamata mguu.

Tukija kwenye mahali pake. Anza na padogo: banda la mita 3 kwa 4 lenye kiuga mbele, hakuna ngazi, hakuna kizingiti. Uzio wa wavu wa waya, kimo cha mita 1.2, usio na seng'enge wala nyuzi za umeme. Manyoya yake mazito hayapitishi ule mshtuko vizuri, na akishajinasa hajui arudi upande gani. Juu ya uzio fungeni vitambaa vyeupe kila mita moja; jicho la ukungu halioni waya lakini linaona kitambaa kinachopepea. Pembe kali za uga zizibwe kwa ubao wa mshazari, kwani wenzake wakimbana kwenye pembe hana pa kutokea. Matawi yakatwe mpaka kimo cha mita 1.8. Mimea yenye sumu kama ragwoti, rododendroni na yuu ing'olewe. Hiyo ni kwa kila alpaka, lakini asiyeona anaonja vitu ambavyo mwenzake anavipita.

Halafu mfanyieni ramani ya miguu na pua. Mbele ya birika la maji wekeni mkeka wa mpira. Kwenye hori, maranda ya mbao. Kwenye geti, kokoto ndogo. Upana wa mita moja na nusu kila mahali unatosha, apate hatua mbili za kujua amefika kabla hajagonga. Na choo: alpaka hunya mahali pamoja, kundi zima, jambo ambalo mfugaji wa mbuzi hawezi kuliamini mpaka alione. Chukueni ndoo ya mavi yake mwenyewe kutoka alikotoka, imwagwe kwenye pembe mliyoichagua. Atakuta harufu yake, atajua choo kiko wapi, na tangu hapo ana alama moja isiyosogea.

Mkisahau yote, hili msisahau: kisisogezwe kitu. Birika likihamishwa mita mbili tu ili lisafishwe vizuri, kwenu ni mita mbili, kwake maji yamekauka duniani. Adui yake mkubwa hapa si mbweha wala mbwa wa jirani. Ni toroli. Toroli linaloachwa njiani "kwa dakika moja" ndilo linalomchubua goti na kumfanya akatae kupita njia hiyo wiki nzima. Baada yake ni reki iliyolazwa, na geti lililoachwa nusu wazi. Geti ama lifungwe ama lifunguliwe mpaka likalale kwenye uzio. Nusu ni mtego.

Siku ya safari aje kabla ya saa sita mchana, apate mwanga wa kujifunza. Ndani ya gari alpaka hulala kifudifudi amekunja miguu, ndivyo anavyosafiri, msimsimamishe. Wekeni matandiko mazito na mwenzake ubavuni. Ngazi ya gari iwe fupi na isiwe na mwinuko mkali, maana jicho moja halipimi kina: ataruka juu sana au hatanyanyua mguu kabisa.

Akishuka, mvikeni hatamu na mumzungushe. Hatamu ya alpaka ina siri moja. Mfupa wa pua yake ni mfupi, mbele yake ni gegedu laini, na mnyama huyu anategemea pua kupumua. Utepe wa pua ukae juu, karibu na macho, mahali ambapo kidole kikibonyeza kinakutana na mfupa. Ukiteleza ukaminya gegedu, anahisi anakabwa, naye ataruka kama mtu anayezama. Watu wengi wanaosema alpaka wao ni mkaidi wanamvisha hatamu vibaya. Lakini utepe usipande mpaka ukasugua jicho, hasa lile ambalo halioni na halijitetei. Kazi ikiisha hatamu ivuliwe. Asiachwe nayo bandani kamwe.

Mzungusheni kufuata ukuta na uzio, polepole, mara mbili kwa mkono wa kulia na mara mbili kwa mkono wa kushoto. Ukizunguka upande mmoja tu, jicho lake zima halitauona uzio, au litauona peke yake na lisijue katikati kuna nini. Kwenye birika simameni, piga maji kwa kiganja asikie. Kesho yake rudieni. Keshokutwa tena. Kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu ndiyo kwanza anajua maji yako wapi; jembe lisubiri.

Karantini yetu ni wiki sita, na kuna sababu. Kuna koksidia mmoja wa alpaka, Eimeria macusaniensis, ambaye huchukua mwezi na zaidi tangu kuingia mwilini mpaka mayai yake yaonekane kwenye mavi. Kipimo cha siku ya kufika kitasema hana kitu na kitakuwa kinadanganya. Tunapima siku ya kwanza na tunarudia wiki ya sita. Kuna pia kifua kikuu cha ng'ombe. Mlioishi hapa mnakumbuka Agosti 2021, alpaka aitwaye Geronimo alivyouawa kwa amri ya serikali baada ya vipimo viwili kusema anao, na nchi nzima ikagombana. Karatasi za vipimo ziwe kamili kabla gari halijaingia getini.

Mtu aliuliza: karantini maana yake akae peke yake? Hapana. Alpaka peke yake ni alpaka mgonjwa. Ataacha kula, atakuwa anaguna puani mchana kutwa, mmm, mmm. Mwenzake aliyetoka naye akae naye karantini. Kama hakuja na mwenzake, mmoja wetu aliye mpole, mtu mzima, aliyehasiwa, aingie karantini pamoja naye na asitoke mpaka wiki sita ziishe.

Huyo mwenzake ndiye macho yake. Mfungeni njuga ndogo shingoni, kwenye ukosi unaokatika wenyewe ukikwama. Chongo atajifunza sauti hiyo ndani ya siku chache na kuifuata mpaka malishoni. Lakini hatutegemei mmoja. Mwenye njuga akifa, au akiugua akapelekwa kwa daktari, aliyebaki anakuwa kipofu mara ya pili. Tangu mwezi wa pili zoezeni wa pili, mwenye njuga ya sauti tofauti.

Kumuingiza kwenye kundi kuna tatizo ambalo macho mazima hayalioni. Alpaka huongea kwa masikio, shingo na mkia. Masikio yakilazwa nyuma na pua ikiinuliwa, maana yake ni "sogea". Huyu wetu haoni onyo hilo kwa upande wa kulia. Anaendelea kusogea, anatemewa, anapigwa teke, na hajui kosa lake. Kwa hiyo wiki moja au mbili wakae jirani, uzio katikati, wajuane kwa pua. Siku ya kuwachanganya ni asubuhi, kwenye malisho mapana, na madume vijana wabaki nje. Vyombo vya chakula viwe kimoja zaidi ya idadi ya wanyama, umbali wa mita 3, na chake kikae ukingoni, ukuta uwe upande wa jicho bovu ili asishtukizwe kutoka huko.

Kula kwake hakuna maajabu. Asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku, ikihesabiwa bila maji. Kwa kilo 65 ni kama kilo 1.2 hadi 1.5 ya majani makavu, maana nayo hubaki na maji kidogo ndani, nasi tunaweka kilo 2 kwa sababu anachagua na kuacha. Vidonge vya chakula cha nyongeza viloweshwe, maana mwenye wasiwasi wa kunyang'anywa hula kwa pupa na kukabwa. Kuanzia Oktoba mpaka Machi, vitamini D kila baada ya wiki sita hadi nane, kipimo cha daktari. Jua la huku halifanani na la Andes, na wenye manyoya meusi huathirika zaidi.

Mizani, hapo msizembee. Manyoya ni muongo. Chini yake kunaweza kuwa na mifupa mitupu na nje ukaona mnyama wa mviringo. Apimwe kila wiki kwa miezi miwili ya kwanza, siku ileile, kabla ya chakula. Akipungua kilo 3 daktari aitwe. Na mkono upite mgongoni nyuma ya mbavu: uti wa mgongo na pande zake zikishuka kama paa la nyumba lililonyooka, ni sawa, zikibonyea kama bakuli, amekonda. Mkiwa hapo vuteni kope ya chini ya jicho lolote, hata bovu. Ndani pawe pekundu au waridi. Pakiwa peupe, fikirieni minyoo inayonyonya damu.

Sasa ninyi wenyewe. Anzeni kuongea mkiwa mita tano, neno lilelile kila siku. "Hodi" linatosha, naye atalijua. Endeleeni kuongea mpaka mkono umgusie chini ya shingo, karibu na bega, upande wa jicho linaloona. Msimguse kichwani, msitokee nyuma. Kama kazi inahitaji watu wawili, wa pili asimame upande wa jicho bovu, naye aongee pia. Akishtuliwa kutoka upande asioona ataruka kuelekea upande anaoona, yaani juu ya mwenzako.

Na msimbembeleze. Najua inauma kusikia hivyo. Alpaka hapendi kukumbatiwa, huvumilia tu, na kuvumilia kwake tunakusoma kama upendo. Huruma yake aipate kwenye birika lisilosogea.

Wapo wasiotulia. Wiki ya nane imefika, bado anazunguka mduara mmoja kuelekea upande wa jicho zima, hafuati njuga, ana majeraha mapya kila siku mbili, uzito unashuka. Hapo tunamwita daktari tujue kama jicho bovu lina maumivu. Jicho lenye shinikizo ndani huuma sana, na mnyama wa kundi huficha maumivu. Likiondolewa kwa upasuaji, baadhi yao huanza kula jioni ileile. Kama maumivu si ya kuondoleka, au jicho la pili nalo limekwisha na hana anachokifuata, uamuzi wa kumpumzisha utakuwa wa daktari na msimamizi, si wa mtu mmoja, na uandikwe.

Nimemaliza. Chai iko ndani. Ila kabla ya chai, toroli lililoko pale mbele ya geti la kijani ni la nani? Lirudisheni, tafadhali.